Hospitali ya Panzi, Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matibabu, fistula na mafunzo ya udaktari

Maswali haya huulizwa na wagonjwa, na wale wanaowalinda kitandani, na wanafunzi wa udaktari wanaoingia kazi ya hospitali kwa mara ya kwanza. Pale ambapo kutojua kunaweza kumharibia mtu mwili, jibu limekuwa refu. Kwingine tumesema kwa kifupi.

Panzi iko wapi, na ni hospitali ya nani?

Iko kusini mwa Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo, mtaa wa Panzi, komuni ya Ibanda. Kutoka katikati ya mji unapanda taksi au pikipiki inayopitia mahali panapoitwa Essence na kuendelea mpaka Panzi. Inaendeshwa na CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste, na papo hapo ni hospitali kuu ya rufaa ya eneo la afya la Ibanda. Kwa hiyo iko ndani ya mpango wa serikali: vituo vya afya vya mitaani vinatuma wagonjwa wao huko.

Watu wa mbali wengi hudhani Panzi inapokea wanawake waliobakwa tu. Sivyo. Kuna idara nne kubwa kama hospitali yoyote kamili, yaani upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, na wanawake na uzazi. Mtoto wa Panzi mwenye malaria kali, baba mwenye kisukari, kijana aliyeanguka na pikipiki, wote wanalazwa humo.

Ilianza namna gani?

Dokta Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu wa mwaka 1955, alisomea udaktari Bujumbura, kisha akajifunza magonjwa ya wanawake huko Angers, Ufaransa. Alikuwa daktari mkuu wa hospitali ya Lemera, kwenye milima ya Uvira, vita vilipofika huko mwezi wa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Panzi ilifunguliwa mwaka 1999. Iliwaziwa kama mahali pa kuzalia na kufanyia sezarieni (kutoa mtoto kwa kupasua tumbo), kwa sababu wamama wa upande ule wa mji walikuwa wakifia njiani. Lakini mgonjwa wa kwanza aliyepasuliwa hakuja kuzaa. Alikuwa amebakwa na kupigwa risasi sehemu za siri. Mwaka 2018 Dokta Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Hospitali ya mafunzo ni nini hasa?

Ni hospitali ambamo kutibu na kufundisha vinafanywa kwenye kitanda kimoja, saa ileile. Panzi inafundisha pamoja na kitivo cha udaktari cha UEA, chuo kikuu cha kiinjili kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1991. Mjini humohumo, hospitali ya jimbo inafanya kazi ya namna hiyo na chuo kikuu cha kikatoliki, UCB.

Ukiwa kitandani utaona makoti meupe mengi, nayo hayafanani kazi. Stajieri ni mwanafunzi: anauliza, anapima presha, anaandika fishi (karatasi ya mgonjwa), lakini haamui dawa peke yake. Daktari wa kawaida amekwisha kupata diploma na anaamua mambo ya kila siku. Asistanti ni daktari anayejifunza tawi moja, kwa mfano upasuaji, na hilo humchukua miaka kadhaa juu ya ile ya kwanza. Spesialisti na profesa ndio wanaosahihisha wote.

Kwa nini watu kumi wanakuja kusimama mbele ya kitanda changu asubuhi?

Huo ni mzunguko wa asubuhi. Kabla yake kuna kikao ambamo daktari aliyelala zamu anasimama na kusema nani ameingia usiku, nani amepasuliwa, nani amekufa na kwa nini. Wenzake wanamuuliza maswali magumu mbele ya wanafunzi. Kisha wote wanapita vitandani.

Kwa mgonjwa inaonekana kama fujo, lakini macho mengi ni faida. Stajieri aliyekaa na mama nusu saa kumsikiliza ndiye mara nyingi anayejua kwamba dawa ya jana haikumezwa, au kwamba homa ilianza kabla ya operesheni. Katika hospitali isiyofundisha, hakuna anayemuuliza daktari kwa nini amechagua dawa hii na kuacha ile.

Naweza kukataa stajieri asinipime?

Ndiyo, na matibabu yako hayapungui kwa sababu hiyo. Vipimo vya uke hasa vinaombewa ruhusa, na mama akisema mmoja atoshe, mmoja atosha. Mama aliye chini ya dawa ya usingizi hapimwi na wanafunzi kama hakukubali kabla ya kulala.

Fistula ni nini?

Ni tundu kati ya viungo viwili ambavyo havikupaswa kuwa na njia kati yao. Inayojulikana zaidi ni ile kati ya kibofu na uke: mkojo unatiririka mchana na usiku bila mama kuamua. Nyingine ni kati ya uke na utumbo wa nyuma, na hapo kinachopita ni upepo na mavi. Wengine wana zote mbili.

Sababu kubwa duniani ni uchungu wa kuzaa uliokwama. Kichwa cha mtoto kinakuwa kimebana kibofu kwenye mfupa wa mbele wa nyonga. Kila uchungu ukija kinasukumwa zaidi, na damu haifiki tena kwenye nyama iliyobanwa. Hali hiyo ikiendelea siku moja, mbili, tatu, nyama inakufa. Mtoto naye kwa kawaida amekwisha kufa. Mama hatoki na tundu siku ileile: nyama iliyokufa inaanguka baada ya siku 3 hadi 10, na hapo ndipo anaamka amelowa. Ndiyo maana familia nyingi hazioni uhusiano wa kuzaa na kulowa, zikaanza kutafuta mchawi.

Mgandamizo uleule unaweza kuumiza mishipa ya fahamu inayoshuka mguuni. Mama anayevuta mguu mmoja baada ya kuzaa kwa shida, kidole gumba kikiburura chini, aulizwe pia habari za mkojo.

Sababu ya pili ni mkono wa daktari: sezarieni au operesheni ya kutoa kizazi iliyofanywa na mtu asiye na mazoezi ya kutosha, akakata au akashona mrija wa mkojo. Sababu ya tatu, ambayo ndiyo ilifanya jina la Panzi lisikike, ni ubakaji wa kikatili, silaha au vitu vingine vikitumiwa kuharibu mwili wa mwanamke.

Ni laana? Inaambukiza?

Hapana kwa yote mawili. Ni jeraha. Mtu hawezi kuipata kwa kulala chumba kimoja na mama huyo, kula naye au kufua nguo zake.

Mkojo umeanza kuvuja wiki hii, na nimezaa siku chache zilizopita. Nifanye nini?

Nenda hospitali leo, usingoje miezi. Swali hili ndilo linalookoa wengi, na watu hawalijui.

Tundu likiwa dogo na jipya, linaweza kujifunga lenyewe kama kibofu kinabaki kitupu wakati wote. Wanaweka sondi, mpira mwembamba wenye puto dogo ndani ya kibofu, na inakaa wiki 4 hivi bila kufungwa, mkojo ukishuka mchana na usiku. Kibofu kisipojaa, kingo za tundu zinabaki karibu na kushikana. Kazi ya mama ni kunywa maji mengi, lita 4 mpaka 5 kwa siku, na kukalia maji safi ya vuguvugu yenye chumvi kidogo mara mbili kwa siku ili pabaki safi.

Tena kuna hatua ya kabla ya hiyo. Mama yeyote aliyekwama kwa muda mrefu katika kuzaa, hata kama havuji bado, anastahili kubaki na sondi karibu wiki 2. Kituo cha afya kinachomrudisha nyumbani siku ya pili kwa sababu ya kukosa kitanda kinaweza kuwa kimeacha tundu lifunguke njiani.

Nimeishi nayo miaka mingi. Nimechelewa?

Hujachelewa. Wanawake waliovuja miaka 20 wanapasuliwa na kukauka. Lakini acha kosa moja tangu leo: kupunguza maji ili usilowe. Mkojo unakuwa mzito, unachoma ngozi ya mapaja mpaka inatoka vidonda, na ndani ya kibofu unaweza kutengeneza jiwe. Jiwe likikutwa, kwa kawaida linatolewa kwanza na operesheni ya tundu inasogezwa mbele. Kunywa maji, badilisha vitambaa mara nyingi, paka vazelini mapajani kabla ya kulala.

Wanapima namna gani kujua tundu liko wapi?

Kwanza kwa jicho na kidole. Tundu kubwa halijifichi. Likiwa dogo, wanatumia rangi ya buluu. Mama analala chali, wanapanga kompresi tatu (vitambaa safi vya hospitali) ndani ya uke: moja juu kabisa, moja katikati, moja karibu na mlango. Kwa sondi wanaingiza kibofuni maji yaliyochanganywa na buluu ya metileni, kisha mama anaamka na kutembea kidogo. Akirudi, zinatolewa moja moja.

Kompresi ya katikati au ya juu ikiwa na buluu, kuna tundu la kibofu. Ile ya chini peke yake ikiwa na buluu, mkojo huenda umepita kwenye njia yake ya kawaida, yaani misuli haishiki. Lakini kompresi ya juu ikitoka imelowa mkojo mweupe, bila buluu yoyote, shida haiko kibofuni: ni mrija unaoshuka kutoka figo, na operesheni yake ni nyingine kabisa. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala umeme, na kituo chochote kilichofundishwa kinaweza kukifanya.

Operesheni inakwendaje?

Siku chache kabla, labo inaangalia wingi wa damu, malaria na mkojo. Mama mwenye damu kidogo anajengwa kwanza kwa chakula na vidonge vya chuma. Kulala njaa kuna sheria: chakula kizito kinaachwa saa 6 hadi 8 kabla.

Mara nyingi hawamlazi usingizi. Sindano moja ya mgongoni inaganzisha kuanzia kiuno kushuka, na mama anasikia sauti bila kusikia maumivu. Daktari anapasua kupitia ukeni, miguu ikiwa imeinuliwa juu sana na kichwa kimeshushwa. Anatafuta kwanza midomo ya mirija ya figo ili asiishone. Kisha anaachanisha ukuta wa kibofu na ukuta wa uke, maana miaka imevigandisha pamoja kama ngozi ya kovu. Hapa ndipo kuna kazi yenyewe. Akiwa na haraka na kuvuta kingo ambazo hazijalegezwa vizuri, uzi utakata nyama na tundu litarudi. Kibofu kinafungwa kwa uzi unaoyeyuka, halafu wanarudisha maji ya buluu kuona kama panapita hata tone, na mwisho wanashona uke.

Nafasi nzuri kuliko zote ni ya operesheni ya kwanza. Kipimo kinachokubalika kwa hospitali inayofanya kazi hii ni tundu kufungika kwa wanawake 85 kati ya 100 katika jaribio la kwanza. Kila jaribio linalofuata linakuta kovu zaidi na nyama kidogo zaidi. Kwa sababu hiyo tunasisitiza: fistula haijaribiwi na daktari ambaye hajafundishwa kuifunga, hata awe mkarimu kiasi gani na hata kama kijiji kiko mbali.

Ni mambo gani yanaharibu operesheni iliyokwenda vizuri?

La kwanza, na tunalitaja kabla ya mengine yote, ni sondi iliyoziba.

Baada ya operesheni mama anabaki na sondi siku 7 hadi 14, kulingana na ukubwa wa tundu. Uzi ulioshikilia kibofu una nguvu kidogo tu. Sondi ikiziba, mkojo unajaa, kibofu kinavimba, na mshono unafunguka usiku mmoja. Kazi ya saa tatu inapotea kwa sababu mpira ulikunjika chini ya paja.

Kwa hiyo mlinzi wa mgonjwa, yule tunayemwita gadimaladi, ana kazi kubwa kuliko kupika. Kila saa anaangalia matone. Yanadondoka? Sawa. Yamesimama? Afuate mpira kwa kidole kutoka mwilini mpaka kwenye mfuko: umekunjika, umelaliwa, umebanwa na godoro? Kama haujakunjika na bado hakuna tone, au shuka limelowa huku mfuko ukiwa mtupu, anamwita mwuguzi papo hapo, hata saa nane ya usiku. Mwuguzi anasukuma maji ya serumu (maji safi ya chumvi ya hospitali) kidogo, polepole, kutoa damu iliyoganda. Gadimaladi asijaribu kufanya hivyo mwenyewe, na asivute mpira.

Rangi ndiyo saa ya maji. Mkojo ukiwa kama chai, mama hajanywa vya kutosha. Ukiwa mweupe kama maji ya mvua, ndivyo inavyotakiwa. Mfuko daima uwe chini ya kitanda, usiwekwe juu ya blanketi.

Mambo mengine yanayoharibu: kuvimbiwa choo na kukakamua kwa nguvu (mboga, papai na maji vinasaidia), mzigo mzito, na kurudi kwa mume mapema. Miezi 3 kamili bila tendo la ndoa. Miezi hiyohiyo, mama wa Kivu asibebe makala (makaa ya kupikia) wala mihogo kwa mkanda wa paji la uso. Tunajua ni hapo chakula cha nyumba kinapatikana, kwa hiyo neno hili aambiwe mume na mama mkwe pia, kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Karatasi ya kutokea peke yake haimlindi.

Tundu limefungwa lakini bado nalowa. Kwa nini?

Kibofu kilichoachwa kitupu miaka mingi kinakuwa kidogo kama ngumi, na misuli inayokifunga imesahau kazi. Wengine wanavuja wanapokohoa, kucheka au kuinuka. Hiyo siyo fistula iliyorudi, ingawa ni lazima kurudi kupimwa kwa buluu ili kuhakikisha.

Wiki za kwanza, nenda haja ndogo kila saa moja au mbili, kisha ongeza muda kidogo kidogo. Jifunze kukaza misuli ya chini kama mtu anayezuia upepo: kaza, hesabu mpaka 5, legeza, mara 10, na urudie mara 3 kwa siku. Wanaosaidiwa na mazoezi haya ni wengi, lakini siyo wote. Baadhi watahitaji operesheni nyingine.

Nitaweza kuzaa tena?

Wengi wanaweza. Mimba ijayo isubiri angalau mwaka, na mtoto atoke kwa sezarieni iliyopangwa. Mwezi wa nane wa mimba ukiisha, sogea ukae karibu na hospitali. Kuanza uchungu ukiwa mbali, kama Shabunda au Bunyakiri, na kutegemea barabara ya mvua ni kurudi pale ulipotoka.

Mtu amebakwa. Saa za kwanza zinahitaji nini?

Afike kwenye kituo cha afya au hospitali kabla ya saa 72. Saa hizo zinahesabiwa tangu tukio, na kila saa ikipotea kinga inapungua. Si lazima aende polisi kwanza.

Anapewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, za kumeza siku 28 mfululizo. Zikiachwa siku ya 10 kwa sababu ya kichefuchefu, kinga haipo. Heri arudi kuomba msaada wa kichefuchefu. Anapewa antibiotiki dhidi ya magonjwa ya zinaa na chanjo za pepopunda na homa ya ini ya B. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kufanya kazi mpaka saa 120, lakini mapema ni bora. Saa 72 zikiwa zimepita, bado aje: chanjo, antibiotiki, kutibu majeraha na kusikilizwa havina mwisho wa muda.

Kama anaweza kuvumilia, asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe ndani ya karatasi au bahasha, kwa kuwa mfuko wa plastiki unazifanya zioze na ushahidi unaoza nazo. Akiwa ameoga tayari, asilaumiwe na asirudishwe. Apokelewe.

Nguzo nne za Panzi ni nini?

Hili ndilo ambalo hospitali nyingine za dunia zimekuja kujifunza Panzi. Miaka ya kwanza madaktari waliona wanawake waliofungwa tundu wakirudi: wengine wamebakwa tena kijijini, wengine wamefukuzwa na mume, wengine mwili umepona lakini hawalali. Mshono ulikuwa sawa, mtu hakuwa sawa. Wakapanga kazi nne chini ya paa moja: matibabu ya mwili, msaada wa moyo na akili, msaada wa sheria, na kumrudisha mtu katika maisha kwa ufundi, masomo au mtaji mdogo.

Jambo la maana ni paa moja. Mwanamke akitumwa ofisi nne za mtaa tofauti, anasimulia mara nne, analipa pikipiki mara nne, na mara ya tatu hafiki. Hapa Panzi anapokelewa na mtu mmoja anayemfuata tangu mlangoni mpaka siku ya kutoka. Tangu mwaka 2011 kuna pia Cité de la Joie, nyumba ya Bukavu ambamo walionusurika wanaishi miezi kadhaa wakijifunza uongozi na kazi.

Cheti cha daktari kina kazi gani mahakamani?

Sheria ya Kongo ya Julai 2006 kuhusu ubakaji inamtaka hakimu aombe maoni ya daktari na mtaalamu wa saikolojia. Cheti kizuri kinaandika kilichoonekana: jeraha liko wapi, urefu wa sentimita ngapi, rangi gani, mtoto ana umri gani. Hakiandiki hasira ya daktari. Cheti kinachosema tu «amebakwa» kinaanguka mbele ya wakili wa kwanza.

Mfano mkubwa ni Kavumu, kaskazini mwa Bukavu, ambako watoto wa kike walikuwa wakichukuliwa usiku vitandani. Walitibiwa Panzi, na madaktari waliandika kwa utaratibu walichokuta kwa kila mtoto. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ya jimbo la Sud-Kivu iliwahukumu wanamgambo 11 kifungo cha maisha, akiwemo mbunge wa jimbo.

Dunia ya tiba imepata nini kutoka hapa?

Historia ya operesheni hii ina doa. Katika miaka ya 1840, huko Montgomery, Alabama, J. Marion Sims alijifunza kufunga fistula kwa kuwapasua tena na tena wanawake watumwa bila ganzi. Majina ya watatu yanajulikana, Anarcha, Betsey na Lucy. Njia ilipatikana kwa maumivu yao. Addis Ababa, Reginald na Catherine Hamlin walifungua mwaka 1974 hospitali ya fistula peke yake, na hapo madaktari wengi wa Afrika walijifunza kwamba ugonjwa huu wa maskini unastahili ufundi wa juu.

Panzi iliongeza ujuzi wa majeraha ya vita, ambayo vitabu vya Ulaya havikuwa nayo. Pamoja na profesa Guy-Bernard Cadière wa Bruxelles, ilileta upasuaji wa kamera, ambao tumbo linaingiliwa kwa matundu madogo. Unafaa kwa fistula zilizo juu sana ambazo mkono haufiki kupitia ukeni. Mwaka 2015 Dokta Mukwege alitetea tasnifu yake ya udaktari wa falsafa huko Bruxelles, juu ya fistula hizihizi.

Mimi ni mwanafunzi. Nitajifunza nini ambacho hakiko kwenye kitabu?

Partogramu, karatasi ya kufuatilia uchungu wa kuzaa saa kwa saa. Iko kwenye kitabu, ndiyo, lakini huko ni mchoro tu. Materniti, yaani wodi ya kuzalia, utaiona ikiwa uhai wa mtu. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, uchungu unahesabiwa kwa dakika 10, njia (mlango wa kizazi) inapimwa kila saa 4. Kwenye karatasi ya zamani, kuanzia sentimita 4 njia inafunguka angalau sentimita 1 kwa saa. Mwendo huo ndio mstari wa tahadhari. Mstari wa kutenda, ambapo mama lazima asaidiwe au ahamishwe, uko saa 4 kulia kwake. Mwongozo mpya wa WHO, shirika la afya duniani, wa mwaka 2020 unahesabu uchungu wenyewe kuanzia sentimita 5. Tumia karatasi iliyoko wodini kwako, lakini jua tofauti.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni partogramu inayojazwa baada ya mtoto kutoka. Mstari wake umenyooka kama rula, na hakuna mwanamke anayezaa hivyo. Kosa la pili ni kusahau kibofu: mama wa uchungu akojoe kila saa 2, akishindwa atolewe mkojo kwa sondi, kwa sababu kibofu kilichojaa kinazuia kichwa kushuka na kinabanwa zaidi.

Daktari mmoja wa Panzi hawezi kushona fistula zote za Sud-Kivu. Lakini wanafunzi 50 wanaokwenda Mwenga, Fizi, Kalehe na Shabunda, wakijua kuutambua mstari wa kutenda na kumhamisha mama kabla ya giza, wanazuia fistula ambazo hakuna atakayezihesabu.

Matibabu yanalipwa?

Wanawake wenye fistula na walionusurika ubakaji hawalipi. Wagonjwa wengine wanalipa, na ukitoka kituo cha afya na karatasi ya kuhamishwa unapokelewa kwa utaratibu mzuri kuliko ukija moja kwa moja. Mwenye mituweli ya afya (mfuko wa kuchangia matibabu) aje na kadi yake, na aulize mapema ni sehemu gani inalipwa.

Nije na nini?

Karatasi ya kuhamishwa, fishi zote za zamani hata zilizochanika, majina ya dawa unazomeza. Vitenge viwili au vitatu, sabuni, ndoo, kikombe cha kupimia maji. Gadimaladi mmoja, mwenye usingizi mwepesi.

Na nikiwa Goma au Lubumbashi?

Goma kuna HEAL Africa, iliyoanzishwa mwaka 2000, nayo inatibu fistula na kufundisha madaktari. Lubumbashi, uliza kwenye kliniki za chuo kikuu au hospitali ya Jason Sendwe, ambako wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, wanafanyia mazoezi. Popote utakapofika, uliza swali moja mlangoni: ni daktari gani hapa anafunga fistula, na anazifunga mara kwa mara? Jibu likiwa hakuna, omba uwekewe sondi na uandikiwe karatasi ya kuhamishwa siku hiyohiyo.